Barua ya wazi kwa wenye saini: kulipia jina la tovuti si kazi ya fundi

Kwa: Wakurugenzi, makatibu wa vyama, wakuu wa shule, wenyeviti wa bodi na wote wanaoidhinisha malipo katika taasisi za Tanzania na Kenya

Yah: Majina ya tovuti yanayoachwa kuisha muda

Ndugu viongozi,



Mkesha wa Krismasi mwaka 1999, watu wengi duniani walijaribu kufungua barua pepe zao za Hotmail wakagonga mwamba. Hotmail ilikuwa mali ya Microsoft, na ili kuingia ilibidi mtumiaji apitie kwanza kwenye passport.com, jina jingine la kampuni hiyo hiyo. Hakukuwa na mdukuzi wala mtambo ulioungua. Microsoft, iliyokuwa ikihesabiwa wakati huo kuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, ilikuwa haijalipa dola 35 za kuhuisha jina hilo. Mtaalamu wa programu wa Tennessee, Michael Chaney, alichoka kusubiri, akachunguza, akaona kiini cha tatizo, na siku ya Krismasi akatoa kadi yake ya benki akalipa. Huduma ikarudi. Microsoft ilimtumia hundi ya dola 500 ya shukrani. Mwaka 2003 kampuni hiyo hiyo ikaliacha hotmail.co.uk liishe muda, na safari hiyo mtu wa nje akawahi kulisajili kabla haijazinduka.

Wataalamu wa kompyuta hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Barua hii haiandikwi kwa ajili ya kucheka. Inaandikwa kwa sababu katika visa vingi vya namna hii vilivyojulikana, mambo yalinusurika kwa bahati ya kwamba aliyefika kwanza alikuwa mtu mwema, na hakuna taasisi inayopaswa kuendeshwa kwa kutegemea wema wa mtu isiyemjua.

Jina la tovuti, ambalo wengi huliita domeini, halinunuliwi moja kwa moja. Mtanzania ana bahati ya kulielewa jambo hili upesi, maana ndivyo anavyoshika kiwanja: ardhi ni ya umma, mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99, na kila mwaka anadaiwa kodi ya pango. Domeini nayo ni ya kupanga, ila muda wake ni mfupi mno, mwaka 1 hadi 10 kwa majina yanayoishia na .com au .org. Tofauti nyingine ni kwamba Kamishna wa Ardhi hawezi kumgawia mgeni kiwanja cha mtu miezi mitatu baada ya mwenyewe kupitiwa na tarehe ya kulipa. Kwenye intaneti hilo hufanyika kila siku, tena kwa mashine.

Siku ya kuisha muda ikifika, jina la .com halifutwi papo hapo. Msajili, yaani kampuni iliyolipwa kulisajili, ana nafasi ya hadi siku 45 ya kulishikilia, na kila msajili ana desturi zake. Wengi huizima tovuti baada ya siku chache na kuweka ukurasa wa matangazo mahali pake. Barua pepe nazo husimama. Wapo wanaolipeleka jina mnadani hata kabla siku hizo hazijatimia. Mwenyewe akizinduka mapema, mara nyingi hulipa ada ya kawaida tu. Asipozinduka, jina huingia kwenye siku 30 za kukombolewa, na hapo bei hupanda. Verisign, inayosimamia rajisi, yaani daftari kuu la majina, ya .com, humtoza msajili dola 40 kwa kurejesha jina moja, na msajili naye huongeza cha kwake, hivyo mteja hukuta anadaiwa dola 80, 100 au zaidi kwa jina ambalo lingelipiwa dola 15. Zikiisha hizo, zinakuja siku 5 ambazo hakuna awezaye kufanya lolote: si mwenyewe, si msajili, si wakili wake.

Halafu jina linaachiwa. Wanaolisubiri si watu waliokodolea macho skrini. Zipo kampuni ambazo biashara yake ni kudaka majina yanayoachiwa, na DropCatch ya Marekani ilifikia hatua ya kuwa na vibali vya usajili zaidi ya 1,000, kila kimoja kikiiongezea nafasi ya kupeleka ombi lake kwenye rajisi katika sekunde ile ile jina linapokuwa huru. Mhasibu anayesema "tutalisajili tena Jumatatu" anashindana na mitambo hiyo.

Ni kweli kwamba ilani hutolewa. ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, limewabana wasajili tangu Agosti 2013: lazima wamwarifu mteja takribani mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, wamkumbushe tena wiki moja kabla, na wamwandikie kwa mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Kanuni nzuri. Lakini ilani hizo hutumwa kwa mawasiliano yaliyoandikwa siku ya kusajili, na hapo ndipo taasisi nyingi hunaswa. Kama anuani ni ya fundi aliyehama zamani, ilani inamfikia yeye huko aliko. Kama ni info@ ya jina lenyewe, ilani ya mwisho inatumwa kwenye sanduku lililokwisha kuzimwa pamoja na jina. Tena kanuni hiyo inayahusu majina ya kimataifa kama .com, .org na .net. Majina ya nchi, yakiwamo .tz na .ke, hufuata taratibu za rajisi zake.

Mfano unaopaswa kuwakosesha usingizi wenye saini umetokea kwa jirani. Mwishoni mwa mwaka 2020, Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa Sweden na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify, alikuwa akikagua seva zinazobeba majina ya nchi zote duniani. Mtu anapoandika anuani inayoishia na .cd, ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jibu la kwamba tovuti hiyo iko wapi huanzia kwenye seva chache zilizoorodheshwa rasmi kwa ajili ya nchi hiyo. Baadhi ya seva hizo zilikuwa zimesimamishwa juu ya jina scpt-network.com, lililotokana na ufupisho wa shirika la posta na simu la Kongo. Almroth akaona kwamba jina hilo la .com limepita muda na linahesabiwa siku za kukombolewa. Akangoja aone kama wenyewe watalilipia. Hawakulilipia. Lilipoachiwa siku za mwisho za Desemba, akalisajili yeye ili asije akalisajili mwingine.

Maana yake nini? Kwa ada ya jina moja la kawaida, mtu aliyeko Sweden alikuwa na uwezo wa kujibu karibu nusu ya maswali yote yanayoulizwa kuhusu anuani za .cd. Mwenye nia mbaya angeweza kumpeleka mteja wa benki wa Lubumbashi kwenye tovuti bandia, huku anuani inayoonekana juu ya skrini ikiwa ile ile ya kweli. Angeweza kujipatia hati za usalama, zile zinazoweka alama ya kufuli kwenye kivinjari, kwa majina yasiyo yake. Angeweza kupokea barua pepe za ofisi za Kinshasa na Goma kabla wenyewe hawajaziona. Almroth aliyaacha maswali hayo bila jibu ili kompyuta zihamie kwenye seva nyingine zilizokuwa nzima, na Januari 2021 akawaarifu wahusika. Wasimamizi wa .cd wakahamia jina jipya, scpt-network.net. Nchi ya watu takribani milioni 90 ilinusurika kwa sababu aliyeliona pengo alikuwa mwungwana.

Asitokee mtu wa kusema hayo ni ya Kongo. Agosti 2024 watafiti wa kampuni ya watchTowr, wakiwa Las Vegas kwenye mikutano ya usalama wa mtandao, walilipa dola 20 wakapata dotmobiregistry.net, jina ambalo rajisi ya .mobi ililitumia zamani kutolea taarifa za usajili, kisha ikahamia jina jingine na kuliacha la kwanza liishe. Ndani ya siku chache, mashine zaidi ya 135,000 zilikuwa zimekwenda kwao kuuliza habari, zikiwamo za serikali na majeshi. Mashine hizo ziliendelea kuliamini jina la zamani kwa sababu hakuna aliyezibadilishia maelekezo.

Suala la barua pepe linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, maana mkurugenzi akiambiwa jina limeisha muda huwaza tovuti tu, na tovuti yenyewe pengine ina picha za mkutano mkuu wa mwaka juzi. Hasara kubwa iko kwenye sanduku la barua. Anayesajili jina lililoachwa huweka mpangilio mmoja kwenye seva yake: pokea kila kitu. Hahitaji kumjua mtumishi yeyote. Yanayotumwa kwa mhasibu@, kwa utumishi@, kwa mkuu@, kwa mstaafu ambaye anuani yake imebaki kwenye orodha ya mzabuni, yote huangukia sehemu moja. Ankara inakuja. Mzazi anatuma cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mgonjwa anauliza majibu yake ya maabara. Kisha mmiliki mpya anafungua ukurasa wa huduma ambako taasisi huhifadhi nyaraka zake, anaandika anuani ya mhasibu, anabonyeza "umesahau nenosiri", na kiungo cha kuweka nenosiri jipya kinatua kwake. Hakuvunja mlango wowote. Alilipa dola chache na kupewa funguo.

Hayo yamekwisha kutokea. Uholanzi, taasisi ya ulinzi wa watoto ya Utrecht ilibadili jina mwaka 2015 na baadaye ikaacha jina lake la zamani la mtandaoni liishe. Aliyelisajili akajikuta akipokea mafaili ya maelfu ya watoto walio katika mazingira magumu, kwa kuwa barua za taasisi hiyo ziliendelea kwenda kwenye anuani za zamani. Habari ilifichuka Aprili 2019. Australia, mwaka 2018, mtafiti Gabor Szathmari alisajili upya majina yaliyoachwa na ofisi za mawakili zilizoungana au kubadili jina, na nyaraka za wateja zikaanza kuingia bila yeye kumwandikia mtu. Ubelgiji, mwaka 2024, Inti De Ceukelaire alisajili majina zaidi ya 100 yaliyowahi kutumiwa na ofisi za ustawi wa jamii, polisi na vyombo vya sheria, akaonyesha jinsi yanavyofungua akaunti ambazo wenyewe walishasahau kuwa wanazo. Watu hao nao walikuwa waungwana. Wasio waungwana hawaandiki ripoti.

Kwa upande wetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ni vigumu kuona ni utetezi gani mkurugenzi atautoa mbele ya Tume au Kamishna anayesimamia sheria hizo, pale barua za wagonjwa zitakapokuwa mikononi mwa mgeni kwa sababu malipo ya shilingi elfu kadhaa yalikwama kwenye faili.

Na yanayotokea maofisini yanajulikana. Jina lilisajiliwa na kijana wa IT, au mpwa wa mwenyekiti, kwa Gmail yake na kadi yake ya benki, akarudishiwa fedha kwa stakabadhi. Baadaye akapata kazi kwingine. Nenosiri akaondoka nalo bila ubaya wowote, kwani hakuna aliyemwuliza. Fomu ya makabidhiano ilitaja kompyuta mpakato, chaja, funguo za ofisi na kitambulisho. Jina ambalo taasisi inajulikana nalo duniani halikuwamo. Msajili akiulizwa leo, atasema kwa haki kabisa kwamba mteja wake ni yule kijana.

Au ilani imefika mahali pake, kwa mtu wake, halafu inakutana na utaratibu. Linaandikwa dokezo. Dokezo linasubiri idhini. Idhini inasubiri fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali, Tanzania na Kenya, hufungwa tarehe 30 Juni, na taasisi nyingi huufuata. Jina lililosajiliwa Julai huisha muda katika wiki zile ambazo fungu jipya halijafunguka na la zamani limeshafungwa. Anayeifahamu ofisi ya umma hahitaji kuelezwa zaidi. Siku 45, 30 na 5 zinaonekana nyingi mpaka zipimwe kwa mwendo wa dokezo.

Kundi lililo hatarini kuliko yote ni majina ya miradi. Mfadhili anakuja na miaka mitatu ya fedha, mradi unapata jina lake la .org, jina hilo linachapishwa kwenye vipeperushi, linabandikwa ukutani zahanati, linatajwa kwenye ripoti na kwenye vitabu vya mafunzo. Mradi unaisha, mfadhili anaondoka, jina linaachwa. Vipeperushi vinabaki. Jina la namna hii lina thamani sokoni kwa sababu tovuti za watu wanaoheshimika bado zina viungo vinavyolielekea, na injini za utafutaji hulihesabia heshima hiyo. Mwaka 2024 jarida la Wired lilimwandika DJ mmoja wa Serbia anayekusanya majina ya aina hiyo na kuyajaza makala za akili mnemba ili avune matangazo. Miongoni mwa aliyoyapata ni The Hairpin, tovuti ya wanawake ya Marekani iliyopendwa sana, na Pope2You, iliyowahi kuwa ya Vatican kwa ajili ya vijana. Kama jina la Vatican limeweza kuangukia huko, mradi wa chanjo wa wilayani una kinga gani? Mwandishi wa barua hii anaona heri jina la mradi ligeuzwe tovuti ya michezo ya kubahatisha kuliko tovuti inayoendelea kujifanya zahanati, maana ya kwanza angalau msomaji ataishtukia.

Kwa wanaoelewa zaidi hesabu kuliko hofu, ipo ya Sorenson. Kampuni hii ya Marekani huwaunganishia viziwi simu kwa njia ya wakalimani wa lugha ya alama. Juni 2016 iliacha jina lake liishe muda, huduma ikakatika, na viziwi wakashindwa kupiga hata simu za dharura. Mwaka uliofuata ilikubali kulipa dola milioni 2.7 za kurejesha fedha kwenye mfuko unaogharimia huduma hizo, pamoja na faini ya dola 252,000. Ada ya kuhuisha jina ingekuwa dola chache.

Ndugu viongozi, linaloombwa si kubwa, wala halihitaji mshauri kutoka nje. Jina la tovuti liingizwe kwenye daftari la mali za taasisi pamoja na magari na viwanja, likiwa na tarehe ya kuisha, jina la msajili na nani anashika nenosiri. Lisajiliwe kwa jina la taasisi yenyewe. Mawasiliano yake yawe ya watu wawili walio kazini, na angalau anuani moja iwe nje ya jina hilo. Lilipiwe miaka mingi kwa mpigo pale msajili anaporuhusu, na tarehe ya kuisha isogezwe mbali na Julai. Mtumishi anapoondoka, asisainiwe fomu mpaka nenosiri hilo limekabidhiwa. Jina la zamani lisiachwe kwa sababu tu taasisi imepata jipya: liendelee kulipiwa kwa miaka mingi, kwa muda wote ambao bado kuna mtu anaweza kuliandikia. Na likilazimika kuachwa, basi kwanza akaunti zote zilizofunguliwa kwa anuani zake zifungwe au zihamishwe, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha, na haina mkato.

Nanyi wasajili, pamoja na wasimamizi wa .tz na .ke, hamwezi kukaa pembeni. Mteja wa Morogoro au Kisumu anasoma simu yake kuliko anavyosoma barua pepe. Ankara ya maji huja kwa SMS. Ilani ya jina nayo ije hivyo, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa namba zaidi ya moja, ikitaja tarehe na kiasi. Ratiba nzima, kuanzia siku jina linapoisha muda hadi siku linapoachiwa, ielezwe kwa mteja siku anapolipa, si siku anapokuja analia. Na majina ya hospitali, shule na vituo vya watoto yawekewe muda mrefu zaidi wa kushikiliwa kabla ya kuachiwa kwa yeyote. Rajisi za nchi zina uhuru wa kupanga hilo, kwa kuwa kanuni ya ICANN ya mwaka 2013 haizifungi.

Ombi la mwisho ni moja. Kabla ya kikao kijacho cha bodi, kila mwenye saini amwulize mtumishi wake majina yote ambayo taasisi imewahi kusajili, ya sasa na ya miradi iliyokwisha, na yanaisha lini. Orodha hiyo isipopatikana siku hiyo hiyo, itafutwe kwa msajili wiki hiyo hiyo. Kisha ada zake ziingizwe kwenye bajeti inayoanza tarehe 1 Julai, kwa kifungu chake, zisifichwe chini ya "mengineyo".

Nakala: Mhasibu, kwa utekelezaji.